Wazo Halina Mwenyewe

Jumatatu. Alasiri.

"Swali ni moja," alisema Urbano. "Gari linatoka mtamboni na viroba vinne. Lifike mjini halina hata kimoja. Vipi?"

Upepo ulikuwa unayapiga mabati utadhani kuna mtu anatembea juu ya paa. Chumba kile cha nyuma, kule Mwankoko, kilikuwa stoo ya kuku ya Rahabu. Matenga yamepangwa mpaka karibu na dari, manyoya yametapakaa sakafuni, harufu inakukaba koo. Watu wanne walikalia ndoo na vigoda, magoti yakigusana. Katikati, juu ya debe lililopinduliwa, palikuwa na kisahani cha maharage.

Viroba vyenyewe ukiviona utasema ni mkaa. Wachenjuaji wa dhahabu wanaita kaboni. Ni chembe nyeusi wanazozitia kwenye matangi, zinainyonya dhahabu kama sifongo inavyonyonya maji, halafu zinapelekwa mjini kwenda kutemeshwa. Mtambo uko porini, mbele ya Sepuka. Kila Alhamisi gari linateremka na mzigo. Dereva mmoja, mlinzi mmoja, na uzembe wa watu waliozoea njia.

Urbano ndiye alikuwa mkubwa wao. Mtu wa makamo, mwenye kipara, sauti ya taratibu kama mwalimu wa katekisimu. Zamani alikuwa mwezeshaji wa semina. Alizunguka vijijini na bango kitita begani, akiwafundisha wafuga nyuki namna ya kukaa kikundi na kubungua bongo. Mradi ukafungwa, akabaki na kalamu zake nene na njaa yake. Kalamu zikakauka. Njaa haikukauka. Basi sasa alikuwa anaiba, ila aliiba kwa semina.

"Kanuni mnazijua," alisema.

"Turudie," alisema Derick. "Antipasi anasahau."

"Nani anasahau? Wewe ndiye uliyesimamishwa kikao kizima mara ya mwisho."

Derick akacheka puani. Alikuwa jitu la mabega, mkono mmoja na kovu la panga. Gobole lilikuwa lake, na hasira zilikuwa zake.

Urbano hakucheka. Alizirudia kanuni polepole, akikunja kidole kimoja kimoja. Wazo lolote linasemwa, hata la kichaa. Hakuna kumcheka mtu. Hakuna "lakini", ukisema "lakini" unasimama, unakaa tu mwenzako naye akiteleza. Ukilipenda wazo la mwenzako unaliongezea, unaanza na "na pia." Mdogo anaanza, mkubwa anamaliza, maana mkubwa akitangulia wote wanamfuata kama kondoo.

"Na ya mwisho?" aliuliza.

"Wazo halina mwenyewe," wakajibu wote watatu.

"Likishatoka mdomoni, ni la nani?"

"La kikundi."

Mtu wa nje angecheka. Wao hawakucheka, kwa sababu mara ya mwisho Urbano alipopanga peke yake walitoroka Manyoni na sanduku zito wakisifu Mungu, kumbe ndani ni nati za trekta. Derick alikuwa amelitilia shaka sanduku lile tangu mwanzo. Hakusema, aliogopa kuonekana mwoga. Tangu siku hiyo Urbano aliapa hakuna mtu atakayekaa na wazo kooni.

Vitu vilisimama badala ya maandishi. Karatasi ni ushahidi, alisema Urbano. Kila wazo lilipewa kitu kimoja sakafuni: kijiwe, kizibo, gunzi. Mwisho kila mtu anapewa maharage matatu, anayaweka anapopenda.

"Haya, mdogo."

Antipasi alikohoa. Miaka ishirini na nne, ndevu bado hazijakubaliana zitoke wapi. "Tuchimbe shimo barabarani. Gari likizama, tunalo."

"Lakini si wataona udongo—" Derick akajiuma ulimi.

"Simama," alisema Urbano.

Derick akasimama, kichwa kikagusa tenga. Jogoo akamdonoa sikio. Hapo hata Urbano aliangalia pembeni.

Urbano akaweka kijiwe. Derick, wima, akasema wapige matairi risasi. Kizibo. Antipasi akasema na pia mmoja alale barabarani kama maiti. Gunzi. Yakaja mengine, mazuri na ya ovyo, mpaka ikafika zamu ya Rahabu.

Rahabu alikuwa anakaribia arobaini. Mchuuzi wa kuku wa kienyeji. Alikusanya minadani Sepuka na Ikungi, akasafirisha Dodoma. Kirikuu chake cheupe, kile kigari kidogo cha mizigo, kilijulikana na kila trafiki wa njia ile. Hajawahi kuiba hata yai. Aliingia kwenye kundi kwa sababu moja tu, nayo ilikuwa imekaa mbele yake ikitafuna kucha: Antipasi, mdogo wake, tumbo moja. Baba yao alipofariki yule hajaota meno. Rahabu akaacha shule akambeba mgongoni, mama akaenda vibarua. Leo mama ni mzee, yuko Sepuka, na kila Rahabu akipita anaambiwa neno lilelile. Nirudishie mwanangu.

Urbano hakuwa mtu wa kurudisha. Ndiyo maana Rahabu alimwendea mwenyewe: nikupe stoo, nikupe gari, kazi hii moja, kisha unamwachia mdogo wangu aende zake. Urbano alimpa mkono.

"Ng'ombe," alisema Rahabu. "Ng'ombe wakijaa barabarani, hata gari la harusi linasubiri. Hakuna anayeshtuka. Dereva anazima injini, anashusha kioo, anatukana."

"Na pia mimi naweza kuwachunga," alisema Antipasi haraka. "Nitavaa shuka, nishike fimbo. Wa mjomba wapo malishoni njia ileile."

"Na pia kwenye yale mawe makubwa, pale pa kona," aliongeza Derick. "Tunajibanza mimi na Urbano."

Macho ya Urbano yakawaka. Hivi ndivyo alivyopenda, wazo likirushwa kama mpira, kila mmoja anagusa.

"Swali la pili. Polisi wakipata habari, barabara zinafungwa pande zote. Viroba vinapitaje kufika kwa mnunuzi?"

"Chini ya kuku," alisema Antipasi. "Nani atachokonoa mavi ya kuku?"

"Na pia dada Rahabu anajulikana," alisema Derick.

Baada ya hapo mawazo yakakatika. Mwingine angefunga kikao. Urbano aliwakataza kuondoka. "Mawazo ya kwanza ni ya kila mtu," alisema. "Hata polisi wanayo. La maana linakuja watu wakishachoka. Tukae."

Wakakaa. Kuku wakakwaruza. Derick akahamisha uzito mguu hadi mguu. Urbano akamtazama Rahabu, wala hakupepesa.

"Una kitu, Rahabu. Kinakuwasha."

"Si kitu cha kusema."

"Kanuni ya kwanza ni ipi?"

Rahabu akavuta pumzi. Kweli kilikuwepo, kimepita kichwani kama panya anavyopita ukutani, na alitamani kingepita tu.

"Kule kwetu kicheche akiingia bandani," alianza, "kijiji kizima kinakesha na marungu. Wiki nzima. Siku wakimuua mmoja, wanamtundika mtini, watoto wanamshangilia, kila mtu anaenda kulala na mlango wazi. Sasa vicheche hutembea wawili. Usiku huo ndipo yule wa pili anakula kuku wote."

"Endelea."

"Ndiyo hivyo. Polisi wakimshika mmoja, na kiroba kimoja mkononi, watapiga picha, watapongezana. Barabara zitafunguka. Vile vitatu vinapita mchana kweupe."

Hakuna aliyesema "na pia." Antipasi aliacha kutafuna kucha.

"Mmoja wetu?" aliuliza Derick.

"Nimesema tu. Kichwa kimesema."

"Wazo ni wazo," alisema Urbano kwa upole. Akaokota unyoya sakafuni, akauweka kwenye mstari pamoja na mengine. "Asante, Rahabu. Inahitaji moyo kusema."

Wakapewa maharage. Ng'ombe wakapata mengi, matenga yakapata mengi. Unyoya haukupata hata moja. Rahabu akashusha pumzi. Urbano akafagia vyote kwa kiganja, akawaambia watoke mmoja mmoja.

Mlangoni Rahabu alimshika mkono wa shati.

"Ahadi yetu, kaka Urbano. Mdogo wangu."

"Baada ya Alhamisi hanijui simjui."

"Apa."

"Rahabu, mimi na wewe tumefika huko?"

Hakuapa. Rahabu alikuja kulikumbuka hilo akiwa amechelewa.

Alhamisi. Saa tatu asubuhi.

Jua lilishapanda, kali, na upepo wake wa Singida unaokausha midomo. Mashamba ya alizeti yalikuwa yamekauka pande zote, vichwa vimeinama. Rahabu aliegesha kirikuu nyuma ya mawe, matenga mgongoni, kuku wakipiga kelele zao. Simu za wengine Urbano alikuwa amezikusanya alfajiri. Ya Rahabu ilibaki, maana mchuuzi asiye na simu angetiliwa shaka.

Antipasi alipita na ng'ombe. Shuka nyekundu, fimbo mabegani, miluzi mdomoni. Alikuwa kama amezaliwa nao. Alipofika usawa wa kirikuu akasimama.

"Dada."

"Nini?"

"Hamna."

"Umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Muongo. Midomo mikavu." Akamrushia andazi dirishani. Antipasi akalidaka, akalitazama, hakulila. Akalitia kwapani ndani ya shuka, akaenda zake. Rahabu akadhani ni woga. Ulikuwa woga, ila si ule alioufikiria.

Saa nne kasoro.

Hailaksi ya mtambo ikaonekana, vumbi nyuma yake kama mkia. Ng'ombe wakajaa barabarani. Gari likapiga honi. Likapiga tena. Likasimama. Kioo kikashuka.

"We mchungaji! Toa hawa wadudu!"

"Wanatoka, mzee. Huyu mweusi ndiye mkaidi. Shikamoo lakini."

"Marahaba, toa!"

Derick na Urbano wakachomoka nyuma ya mawe, nyuso zimefungwa vitambaa. Gobole likaingia dirishani kabla ya mlinzi kugusa bunduki yake. Mlinzi alikuwa mbishi. Akasukuma mtutu. Derick akampiga kitako cha gobole mara moja juu ya jicho, na Rahabu, kutoka alipokuwa, alisikia ule mlio mkavu kama wa kupasua boga. Damu ikatiririka mpaka kwenye kola.

"Basi!" alisema Urbano. "Tulikubaliana hakuna kuua."

"Kwani amekufa? Anapumua huyo."

Wakawafunga kamba wote wawili, wakawaingiza vichakani kwenye kivuli. Hailaksi ikasukumwa nyuma ya mawe. Viroba vikahamia kwenye kirikuu, chini kabisa, matenga yakarudi juu. Kazi ikaisha kabla vumbi halijatulia. Urbano akagonga bodi ya gari.

"Nenda. Taratibu kama unaenda kanisani."

Rahabu akaenda. Kwenye kioo alimwona Antipasi anakusanya ng'ombe, fimbo juu, anakuwa mdogo, anakuwa nukta.

Saa tano.

Stoo ya Mwankoko. Wanaume wawili walimkuta na bodaboda, wamevua vitambaa, wamevaa mashati safi. Wawili. Rahabu alitazama nyuma yao, akatazama tena.

"Mdogo wangu yuko wapi?"

Urbano akamvuta pembeni, akamkalisha kwenye ndoo. Nyuma yao Derick alikuwa anashusha matenga, anatoa viroba.

"Sikiliza, usipige kelele. Ng'ombe mmoja alistuka, akamkanyaga. Mguu umevunjika. Hawezi kukaa kwenye pikipiki."

"Mmemwacha!"

"Yuko nyuma ya mawe, kivulini. Tumemwachia maji. Giza likiingia tutamfuata."

"Giza! Polisi wanafika pale sasa hivi! Wale mliowafunga watajifungua, watapiga kelele!"

"Ndiyo maana hatuwezi kurudi. Wala wewe. Nakukataza, Rahabu. Kama mkubwa wenu nakukataza."

Alisema kwa ile sauti yake ya semina, taratibu, akimtazama machoni. Rahabu alisimama. Urbano hakumzuia. Alikaa kando ya mlango, ameacha nafasi ya mtu mmoja kupita.

"Rahabu, usiende," alisema tena, na tayari alikuwa ameshikilia mlango wazi.

Derick alikuwa amemaliza. Matenga yalikuwa yamerudi garini, yamefungwa kamba vizuri. Rahabu angejiuliza. Mtu anashusha mzigo, kwa nini anarudisha matenga? Angehesabu viroba vilivyolala sakafuni. Hakuhesabu. Kichwani mwake palikuwa na mguu mmoja tu uliovunjika.

"Dada Rahabu," Derick alimwita wakati Rahabu anawasha gari. Akataka kusema kitu. Akamtazama Urbano. "Nenda salama," akasema, akaangalia chini.

Saa sita na nusu.

Njia nzima alizungumza na Mungu na mama yake kwa zamu, Kinyaturu na Kiswahili vikichanganyika. Alimpita mzee wa punda, alipita watoto wa shule, hakuona kizuizi hata kimoja. Alishukuru. Alifika kwenye kona. Ng'ombe hawakuwepo. Akashuka, mlango akauacha wazi, akakimbilia nyuma ya mawe.

"Antipasi!"

Upepo.

"Antipasi, ni mimi! Jibu, mdogo wangu!"

Mchanga ulikuwa mtupu. Hapakuwa na chupa ya maji. Hapakuwa na alama ya mtu aliyelala. Akazunguka jiwe la pili, akakuta viatu. Buti nyeusi zilizong'arishwa, na juu yake sare.

"Tulia hapohapo, mama. Mikono juu."

Walitoka pande zote, watano, sita. Aliyesema alikuwa mwanamke mnene wa wastani, nyota begani, jasho usoni. Alijitambulisha kama Afande Luciana, kistaarabu kabisa, huku mwenzake akimfunga Rahabu pingu.

"Antipasi ni nani?"

"Kuku wangu. Amenitoroka hapa asubuhi."

"Kuku ana jina la ubatizo?"

"Nampenda."

Askari mmoja akacheka, Luciana akamkata jicho. Kisha akaashiria kirikuu. Askari wawili walipanda wakaanza kutupa matenga, kuku wakapiga mbawa. Rahabu hakuwa na hofu na gari. Gari lilikuwa tupu. Alijua ni tupu. Ndipo askari wa juu akainua kiroba cheusi kwa mikono miwili, akakitikisa, kikatoa mlio wa chembe kavu.

"Kimoja, afande."

Kimoja. Na mmoja.

Rahabu akakaa chini mchangani. Aliliona wazo lake lote kutoka mwanzo hadi mwisho, limevaa nguo, linatembea. Hata askari mmoja alikuwa anatoa simu apige picha.

"Tulipigiwa," alisema Luciana, akichuchumaa mbele yake. "Mwanaume. Akasema mwenye kirikuu cheupe cha kuku atarudi kwenye tukio. Nikamwambia, ndugu, mwizi gani anarudi? Akasema huyu atarudi." Akamtazama. "Nani anakujua hivyo, mama?"

Urbano, alifikiri Rahabu. Nyoka yule. Alinikataza ili niende. Moyoni akashika jambo moja kama mtu anavyoshika mzizi mtoni: mdogo wangu hayumo. Wamemficha mahali, au wamemuua, lakini katika hili hayumo.

"Ulikuwa na nani?"

"Urbano," alisema Rahabu bila kusita. Akamweleza alivyo, kipara, sauti, semina. Akamtaja Derick na kovu lake. Akaitaja stoo ya Mwankoko, ingawa alijua hawatakuta mtu.

"Na mchunga ng'ombe? Dereva anasema alikuwepo kijana. Kijana mwenye adabu, alimsalimia shikamoo."

Rahabu akatazama pingu zake.

"Ndiye Antipasi?"

"Nimesema ni kuku."

"Mama, hawa wamekuuza. Unamficha nani?"

Rahabu akageuza uso, akatazama alizeti. Walimuuliza tena, kwa ukali, kwa upole. Wakampa maji. Aliyanywa. Jina hakulitoa.

Saa nane.

Walikuwa wameshamwingiza nyuma ya gari la polisi, mlango wazi, simu yake juu ya kiti cha mbele. Ikaita. Kioo kikaandika: Mdogo wangu.

Yu hai. Hilo ndilo lilimjia kwanza, likamjaza kifua mpaka akataka kupiga kigelegele. Yu hai, mtoto wa mama.

Luciana akaichukua simu, akasoma, akamtazama. Akabonyeza sauti ya nje, akamsogezea mdomoni. Kwa macho tu akamwambia: ongea kama kawaida.

"Antipasi?"

Pumzi zilisikika. Na pikipiki kwa mbali.

"Dada," alisema Antipasi. "Wameshakukamata?"

Hakuuliza uko wapi. Hakuuliza mbona sauti yako iko hivyo. Wala mguu hakuutaja. Rahabu aliyasikia maneno yale mawili yakiingia na kukaa.

"Nani anikamate?"

"Hawajakukamata?" Sauti ikapanda. "Kweli, dada? Hawajaja?"

"Sijaona mtu. Nimekutafuta, nimekukosa, nimeondoka. Mguu vipi?"

Akasikia analia. Kilio chake Rahabu alikijua tangu kikiwa hakina maneno. Kinaanza na kwikwi, halafu pua.

"Sijavunjika, dada. Mguu mzima. Nisamehe. Tulikaa Jumanne, bila wewe. Urbano alisema wazo la kicheche lilikuwa zuri kuliko yote, tatizo ni nani. Akauliza swali. Nani? Akasema mdogo aanze."

Rahabu akafumba macho.

"Ukaanza."

"Nikaanza. Nilijua nisipotaja, watanitaja mimi. Akaniuliza kwa nini wewe. Nikasema wewe hujawahi kushikwa, una biashara, una watu, watakuhurumia. Nikasema..." Kwikwi. "Nikasema na hutakimbia. Ukisikia nimeumia utarudi. Derick hakutaka. Alisema 'lakini', Urbano akamsimamisha."

"Aliyewapigia polisi?"

"Urbano alinipa simu yake ndogo, akasema piga wewe, wewe unajua kueleza. Hii yangu amenirudishia sasa hivi. Dada, sijala tangu jana. Lile andazi nilishindwa. Bado ninalo. Nashukuru Mungu hawajafika."

Rahabu alifumbua macho. Mbele yake palikuwa na barabara ileile aliyompitisha mgongoni akienda kliniki, barabara aliyomtafutia sare ya shule kwa kuuza mitetea. Askari mwenye kiroba alikuwa amekiweka juu ya boneti. Kuku wawili watatu waliotoka matengani walikuwa wanachokoa mchanga kando ya gurudumu, hawana habari.

"Uko na Urbano?"

"Yupo. Tunasubiri kwa mtu wake. Anasema jioni barabara zitakuwa wazi."

"Usimwambie kama umeongea na mimi."

"Simwambii."

"Ondoka hapo. Mwambie unaenda dukani. Njoo kwa mama, Sepuka. Mimi niko njiani. Nitachinja yule jogoo wa kijivu." Sauti yake haikutikisika, na yeye mwenyewe aliistaajabia. "Njoo tule, tuyamalize sisi kwa sisi. Mama asijue."

"Hujanikasirikia?"

"Wewe ni nani wa kukukasirikia?"

"Dada..."

"Njoo kabla ugali haujapoa."

"Nakuja. Sasa hivi nakuja."

Simu ikakatika. Luciana aliishusha polepole. Kisha akageuka akawaambia vijana wake wavue kofia, wachukue gari la raia, waende Sepuka nyumbani kwa mama yake Rahabu, wasimguse bibi, wakae jikoni wasubiri. Alipomaliza akarudi kwa Rahabu. Uso wake haukuwa tena wa kuuliza. Ulikuwa kama wa mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenzake uchi.

"Ana simu, ana pikipiki, ana wenzake," alisema. "Anaweza kubadili mawazo njiani. Unadhani atakuja kweli?"

"Atakuja," alisema Rahabu. "Mimi si nilikuja?"

Akaomba afungiwe mlango. Vumbi lilikuwa linaingia.